Tangi la Samaki Limevuja: Tuzibe au Tununue Jingine?

Anayefuga samaki wa mapambo Kashozi hana duka la matangi mtaani kwake. Kioo hukatwa Bukoba mjini kwa mafundi wa madirisha ya alumini, na tangi lililokamilika mara nyingi hutoka mbali, pengine kwa meli kutoka Mwanza. Ndiyo maana ufa mmoja tu unamfanya mtu apige hesabu. Fundi wa matangi ya kioo anajibu maswali ya wasomaji.

Fundi, nimeamka asubuhi nikakuta sakafu imelowa. Nianzie wapi?

Anza na mrija wa hewa, mama. Pampu ikiwekwa chini kuliko maji, umeme ukikatika usiku maji hurudi kupitia mrija ule ule na kumwagikia sakafuni. Nimeitiwa matangi mengi "yaliyopasuka" ambayo hayakuwa na kasoro yoyote. Pandisha pampu juu ya usawa wa maji, kazi imeisha.

Kama mrija hauna kosa, usiongeze maji. Yaache yashuke, mradi samaki wana pa kuogelea. Yakigoma kushuka zaidi, piga alama hapo: tundu liko kwenye usawa huo au karibu nao. Yakiendelea kushuka hadi mwisho, tatizo liko kwenye kiungo cha chini au kwenye kioo cha kitako. Halafu pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye pembe zote kwa nje. Karatasi itakuonyesha maji yanapotokea, si lazima yanapoingilia. Yanaweza kupenya nyuma ya silikoni kona hii, yakatambaa ndani ya kiungo, yakatokea kona nyingine kabisa.

Ni kiungo kweli. Naweza kupaka silikoni juu ya ile ya zamani?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalolikuta kila mara. Silikoni mpya haishiki vizuri kwenye silikoni iliyokwisha kukauka. Itaonekana nzuri siku mbili tatu, kisha itabanduka kama utepe. Toa samaki na maji yote, kwangua kwa wembe utepe wote wa ndani, pembe zote na si pale panapovuja tu, kisha futa kioo kwa spiriti hadi kitambaa kitoke safi. Usiguse tena kwa vidole. Paka kwa mkupuo mmoja, lainisha kabla haijashika ngozi, uache ikauke.

Utepe huo wa ndani ni kinga tu. Kinachoshikilia tangi ni ile silikoni nyembamba iliyo katikati ya kioo na kioo. Ukiona mapovu au weupe unaoingia ndani yake, tangi lote linapaswa kufumuliwa na kuunganishwa upya. Kazi hiyo inafaa kwa tangi kubwa la kioo kinene. Kwa tangi dogo la lita 50 sikushauri. Utatumia silikoni na siku nyingi kuliko thamani yake.

Soma maandishi kwenye tyubu ya silikoni kabla ya kulipa. Silikoni nyingi za bafuni huwa na dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huua samaki. Ile ya kawaida hunuka siki inapokauka, lakini harufu pekee si ushahidi. Baada ya saa 48 hadi 72, jaza maji ukiwa nje, juu ya ubao ulionyooka, uliache siku nzima au mbili ndipo ulirudishe sebuleni.

Na kioo chenyewe kikiwa na ufa?

Inategemea uko wapi. Kipande kilichomeguka ukingo wa juu, mbali na silikoni, hakina neno, kisugue kisikukate. Mkwaruzo usionasa ukucha uache ulivyo. Ufa wa kioo cha kitako, au ufa wowote uliofika kwenye kiungo, mimi sizibi.

Sababu ni msukumo. Chukua tangi la urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45. Ndani yake kuna lita 243, yaani kilo 243 za maji pekee, kabla ya mawe na mchanga. Kioo cha mbele peke yake kinasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 120 hivi. Pandisha kimo hadi sentimita 60 na msukumo unapita kilo 200, maana unategemea kina zaidi kuliko wingi wa maji. Wakati huo huo anayekukatia kioo cha dirisha cha milimita 4 anakwambia "kitashika tu".

Kioo kimoja cha pembeni kinaweza kubadilishwa, mradi kipya kiwe na unene ule ule. Kubandika kipande juu ya ufa ni dharura ya kuokoa samaki wiki hii.

Tangi letu lilipona tetemeko la 2016, lakini mwaka huu limeachia kona. Kuna uhusiano?

Upo, mwalimu, ila pengine si ule unaoufikiria. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba na kuua watu mkoani kwetu. Maji ndani ya tangi huyumba na kugonga kioo kwa namna ambayo gundi haikuandaliwa. Lakini tangi lililovumilia miaka yote hiyo halikuvunjwa na siku ile peke yake. Ninachokutana nacho nyumba nyingi ni sakafu iliyopasuka au kuzama upande mmoja, na meza ya tangi ikabaki juu yake. Kona moja inakaa hewani, kioo cha kitako kinapindwa kidogo kidogo, kiungo kinachoka.

Weka pima maji juu ya meza, kwa urefu na kwa upana. Kisha pitisha karatasi chini ya kila mguu. Ikipita bila kukwama, hapo ndipo ugonjwa ulipo, na tangi jipya ukiliweka hapo hapo litaachia vilevile. Meza za mbao za kubandikwa nazo huvimba kwa unyevu, na Bukoba mvua haitaki kuombwa. Rekebisha sakafu na meza kwanza, weka stairofomu nyembamba chini ya tangi lisilo na fremu, ndipo tuzungumze kuhusu kioo.

Nitaweka wapi furu wangu wakati wa matengenezo?

Beseni kubwa la plastiki au pipa safi, maji yale yale ya tangi, pampu ya hewa, na kifuniko kwa sababu huruka. Sponji ya chujio iende pamoja nao ikiwa imelowa. Ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Ukiiosha kwa maji ya bomba yenye klorini au kuiacha ikauke, tangi lililokarabatiwa vizuri litaua samaki kwa sumu. Kama kuna jike aliyetamia mayai mdomoni, mshike wa mwisho na kwa upole. Akishtuka huyatema au kuyameza.

Nitajuaje kuwa sasa ninunue tu?

Jumlisha kioo, silikoni, nauli na ujira wa fundi. Ukipita nusu ya bei ya jipya, nunua. Kwa tangi lililovuja mara mbili sehemu tofauti, nunua bila hata kujumlisha. Lile la zamani likatwe upande, liwe kitalu cha miche ya vanila.

Naweza kuwarudisha samaki ziwani nikiacha ufugaji?

Usifanye hivyo, hata kama ni furu na ziwa liko jirani. Samaki waliokaa na wageni kwenye tangi huweza kubeba magonjwa. Ziwa Victoria tayari limeona: sangara waliingizwa miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Baadhi zimebaki zikizaliana kwenye matangi ya Ulaya na Marekani Kaskazini. Mpe mfugaji mwingine. Ukikosa wa kumpa, pipa lenye pampu na sponji yake linawatosha kwa muda huku ukiendelea kuulizia.