Meno ya Bandia Yenye Mizizi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Likizo iliyopita nilimkuta bibi yangu mzaa mama anakula muhogo uliopondwa kama chakula cha mtoto mchanga. Meno yake ya bandia yalikuwa katika bilauri, dirishani. Nilipomwuliza sababu alisema, "Mjukuu wangu, ya juu yanakaa, lakini ya chini yanaogelea." Neno lile lilinikaa kichwani hata niliporudi shuleni. Nikamwuliza mwalimu wetu wa Biolojia, naye akanipa vitabu. Nayaandika niliyoyapata kwa kuwa najua wengi wenu mna wazee wenye taabu hiyo hiyo.

Kwanza yafaa tujue kwa nini ya chini huogelea. Meno ya bandia ya juu yana sahani pana inayofunika kaakaa, na mate membamba yaliyo katikati huyashikisha, kama vipande viwili vya kioo vilivyolowa maji, ambavyo ni kazi kuvitenganisha. Jaribuni wenyewe maabarani. Taya la chini halina kaakaa. Lina ukingo mwembamba tu wa ufizi, na katikati yake umo ulimi, ambao hautulii hata mtu akiwa kimya.

Tena mfupa wa taya wataka kazi. Kila tutafunapo, mzizi wa jino husukuma mfupa, nao hubaki na nguvu. Jino likitoka, mfupa ulioushika mzizi huo hupungua mwaka hata mwaka, na taya la chini hupungua kupita la juu. Kwa hiyo meno yaliyomkaa mtu vyema hapo mwanzo huja yakampwaya, wala si kosa la fundi. Bibi kwa miaka mingi alidhani fundi alimpunja.

Dawa ya jambo hili ilipatikana bila kutafutwa. Katika miaka ya 1950, daktari mmoja wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa hai. Alipachika kifaa kidogo cha titani katika mfupa wa mguu wa sungura. Kazi ilipokwisha akataka kukitoa, kikakataa. Mfupa ulikuwa umekishika kana kwamba ni sehemu yake. Mwaka 1965 alimtia skrubu za titani mtu aitwaye Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya na hakuwa na meno ya chini. Mtu huyo alizitumia hata alipofariki mwaka 2006, yaani zaidi ya miaka 40. Hata hivyo madaktari wengi wa nchi nyingine hawakusadiki mpaka baada ya mkutano wa Toronto, Kanada, mwaka 1982.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Daktari hupiga picha ya taya, humtia mgonjwa ganzi, hutoboa mfupa, kisha hukaza skrubu, ambayo huitwa kipandikizi. Kwa kawaida husubiriwa miezi mitatu hadi sita mfupa uishike. Halafu juu yake huwekwa kishikizo, na meno hubanwa hapo kama vifungo vya kubonyeza vya gauni. Mimi nilidhani kila jino lataka skrubu yake. Sivyo! Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walisema kwamba kwa asiye na jino hata moja, skrubu mbili katika taya la chini ndizo ziwe chaguo la kwanza.

Hapana budi niseme na upande wa pili. Gharama ni kubwa mara nyingi kuliko meno ya kawaida. Mfupa uliokwisha sana huenda usifae. Meno hayo nayo hutolewa na kusuguliwa kila siku, la sivyo ufizi huoza kuzunguka skrubu. Mvuta tumbaku hupona kwa shida, na kadhalika mwenye kisukari kisichotunzwa. Bibi ana kisukari.

Nyumbani pana mabishano. Mjomba asema mzee wa miaka 71 hana haja ya meno ya gharama. Sikubaliani naye, maana yeye mwenyewe atafuna nyama. Mama apendelea meno ya zamani yajazwe upya kwa chini ili yakae. Hilo ni jambo jema na rahisi, ila mfupa utaendelea kupungua.

Bibi mwenyewe nilimwandikia barua, akasomewa. Aliuliza neno moja tu: je, skrubu haitaota kutu? Nikamjibu kwamba titani hujifanyia ngozi nyembamba isiyopenya kutu, na kwamba mchanga wenye madini hayo ulichimbwa hata hapa jirani, Kwale, Kenya, hadi mwaka 2024. Nadhani habari ya Kwale ndiyo iliyomtuliza. Likizo ya Desemba nitampeleka kupigwa picha ya taya na kupimwa sukari. Nasikia chai amekwisha anza kuinywa kavu.