Morice, Daktari Aliyenunua Watu

Nilipoanza kusoma habari za Wafaransa wa Kilwa, nilidhani ni wavumbuzi tu. Kumbe! Nahodha Jean-Vincent Morice alikuwa daktari wa upasuaji kabla ya kugeukia biashara ya watumwa. Mwaka wa 1776 aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa: auziwe watu 1,000 kila mwaka, kwa miaka 100, kila mmoja piasta 20, na Sultani azawadiwe piasta 2 kwa kila kichwa. Walitakiwa mashambani kule Île de France, yaani Mauritius ya leo. Jamani, hapa sokoni Chwele hata kuku hushikwa kwanza ndipo bei itajwe. Wale walitiwa bei hata kabla hawajakamatwa, wengine hata hawajazaliwa! Nami, wenzangu, ndoto yangu ni udaktari. Nilipoisoma habari hii darasani, neno hilo lilinikwama kooni.