Kazi ya Mama na Fungu Lake



Kwa somo la mwezi huu tunawaomba mfungue Kitabu cha Mithali, sura ya 31, mstari wa 10 hadi wa 31. Ni mistari 22. Katika Kiebrania kila mstari huanza na herufi yake, kwa kufuata herufi 22 za alfabeti yao, ili sifa za mke mwema zikae vizuri katika kumbukumbu ya msikilizaji. Sura hii imezoeleka sana katika harusi na mazishi ya akina mama, na jambo lililozoeleka hupitwa upesi. Leo tuisome polepole, huku tukimfikiria mama wa boma la Piyaya.

1. Kazi yake

Piyaya ni kata mojawapo ya Wilaya ya Ngorongoro, katika nchi ya Wamasai. Kule Karatu, mama wa shambani twamjua kwa jembe lake, mahindi yake na maharage yake. Huku Piyaya riziki ni mifugo, na mama twamjua kwa kibuyu chake.

Nyumba ni kazi ya mikono yake. Ndiye akataye fito, azifungaye, kisha akandikaye kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Mvua ikipenya darini, ndiye apandaye juu kuziba. Alfajiri hukamua kabla ng'ombe hawajatoka zizini, na jioni hukamua tena. Vibuyu huvisafisha kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, yaani mzeituni wa porini, ili maziwa yakae vizuri na yawe na harufu njema. Maji na kuni ni vyake. Watoto, ndama na mbuzi wagonjwa ni vyake pia. Kiangazi kinapokuwa kikali na vijana wakahama na ng'ombe kufuata malisho, yeye hubaki bomani pamoja na watoto, wazee na ng'ombe wachache wa maziwa. Kilichopo ni kidogo, na ndiye akigawaye kimtoshe kila mmoja.

Mke wa Mithali naye huamka kungali usiku. Mumewe huketi langoni pamoja na wazee, akiheshimiwa. Wazee wetu nao huketi chini ya mti kuamua mambo ya boma. Hilo si kosa. Lakini tujiulize: ni nani anayefanya kazi ili mzee apate nafasi ya kuketi?

2. Tufanye hesabu

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi sana, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Tuchukue zile saa 12 tu. Zidisha kwa siku 7: ni saa 84 kwa juma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za mfanyakazi zisizidi 45 kwa juma. Basi mama huyu hufanya karibu kazi ya watu wawili, naye hana mshahara, hana likizo, hana kiinua mgongo.

3. Fungu lake

Kwa desturi ya Wamasai, mume humtengea mkewe ng'ombe kwa ajili ya nyumba yake. Desturi hiyo ina hekima. Maziwa huwa chini ya mamlaka ya mama, na hakuna wa kumwingilia katika kuyagawa. Lakini maziwa ni jambo moja na ng'ombe ni jambo jingine. Hawezi kumwuza kwa hiari yake, hata mtoto akiwa mgonjwa au akidaiwa mahitaji ya shule. Anawatunza tu mpaka wanawe wa kiume watakapowarithi. Akiwa hana mtoto wa kiume, au akifiwa na mume mapema, ndipo huonekana wazi kwamba alikuwa mlinzi wa mali, si mwenye mali.

Sasa rudini kwenye Mithali. Mstari wa 16 unamwonyesha mke yule akichagua shamba na kulinunua. Na mstari wa mwisho, wa 31, hauishii katika kumsifu. Waagiza apewe kile kilichotokana na kazi ya mikono yake. Sifa twazitoa kwa wingi. Agizo hili ndilo tunaloliruka.

4. Sheria zasemaje?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampa mke haki sawa na mume ya kuwa na mali yake mwenyewe. Tena, ndoa inapovunjika, mahakama hupaswa kuangalia mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Watu walibishana miaka mingi: je, kupika na kulea ni kazi ya kuhesabiwa? Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilijibu kwamba ndiyo, kazi ya nyumbani ni mchango. Mama huyo mwenyewe hakuongezewa fungu, lakini kanuni ilibaki, na wengi wamefaidika nayo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na yataka watatu kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji wawe wanawake. Hapa kwetu Ngorongoro, tangu mwaka 1997, Baraza la Wanawake wa Jamii ya Wafugaji lililoanzishwa Loliondo limewasaidia akina mama kumiliki mifugo na kusomesha binti zao.

5. Tufanye nini?

Mahakama hugawa mali nyumba ikiisha kuvunjika. Sisi twaweza kugawa nyumba ikiwa na amani. Mzee na amwite mkewe na watoto, amtajie mbele yao ng'ombe walio wake hasa, wa kuuza na kutumia. Na aandike wosia mbele ya mashahidi, asiwaachie ndugu ugomvi. Mama akipewa fungu lake, boma halipungukiwi kitu, kwa maana hula yeye na watoto wale wale.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja kazi zote zilizofanywa na mama nyumbani kwako jana. Nani alizihesabu?
2. Katika boma lako, ni mnyama gani ambaye mama aweza kumwuza bila kuomba ruhusa?
3. Baba akifa leo, mama atabaki na nini mkononi?