Mikono inanitetemeka mbele ya wasaili

*Daktari, nimeitwa kwenye usaili wa kujiunga na chuo cha VETA Mikumi, ufundi magari. Nikiulizwa na mkubwa, mikono hutetemeka na macho huenda chini. Nahofia wataniona muongo. Msomaji, Kilosa*

Mwanangu, unahofia mwili utakusema vibaya kabla hujafungua kinywa. Kinachokutetemesha ni adrenalini, homoni inayomwagika ukihisi hatari: moyo huenda mbio, misuli hukaza, viganja hutoka jasho. Mkweli hutetemeka vilevile, na wapo waongo waliotulia tuli.

Macho yasikusumbue sana. Kwetu kumkodolea mkubwa macho ni utovu wa adabu, na wasaili wengi wamelelewa hivyohivyo. Mtazame anayeuliza unapoanza kujibu, kisha macho yapumzike mezani. Inatosha.

Mikono ilaze mapajani. Usishike karatasi, maana karatasi hutangaza mtetemeko. Ukingoja nje, vuta pumzi taratibu, uitoe polepole zaidi, kwa dakika mbili tatu. Kahawa kali na vinywaji vya kuongeza nguvu viache asubuhi hiyo. Kabla ya siku yenyewe, mwombe mjomba au jirani unayemwogopa kidogo akuulize kwa nini umechagua magari. Umjibu kwa sauti, si kimoyomoyo. Sauti ikikwama, sema tu, "Naomba nirudie."

Ila ukitetemeka hata ukiwa umetulia nyumbani, ukakonda bila sababu, huenda ni tezi ya shingoni: fika Hospitali ya Wilaya ya Kilosa upimwe. Na hofu ikikufanya ukwepe usaili kabisa, waeleze hukohuko hospitalini, nayo hutibika.