Pilipili Mbuzi Katika Nchi ya Baridi

Wanachama wengi wana watoto na jamaa zao Uingereza. Huko pilipili mbuzi huota na kunawiri majani, kisha baridi huingia kabla haijazaa. Yafaa tuijue sababu, ili tuwaandikie.

Sababu ni kuchelewa. Hapa kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, na mpilipili hauna haraka. London mchana wa Juni hupita saa 16, lakini katikati ya Desemba haufiki saa 8. Pilipili mbuzi hutaka miezi mitano au sita tangu kupandwa hata kuiva, na jalidi, yaani umande ulioganda, huiua. Basi hapana budi ianzwe ndani ya nyumba.

Kwanza, mbegu zisiwe Januari au Februari, mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 27. Miche ikichipua iwekwe kwenye dirisha linaloelekea kusini, maana huko jua la baridi hupita upande huo.

Pili, mizizi ikijaa, mche uhamishiwe chungu kikubwa chenye tundu chini. Usinyweshwe ilhali udongo ungali majimaji. Maji na baridi pamoja huozesha mizizi.

Tatu, usitolewe nje kabla ya Juni. Uzoezwe siku 10 hivi, mchana nje na usiku ndani, kisha ukae penye ukuta unaopigwa na jua. Mwenye nyumba ya vioo auweke humo.

Nne, ndani hamna upepo wala nyuki. Maua yatikiswe kwa kidole ili yashike. Yanapoanza, mche upewe mbolea yenye potashi. Mbolea ya kukuza majani itazidisha majani tu. Vidukari vitazamwe chini ya majani.

Tano, mpilipili si mmea wa mwaka mmoja. Septemba urudishwe ndani, matawi yapunguzwe, na maji yawe kidogo. Mwaka wa pili utaanza ukiwa mkubwa, nao utazaa mapema.

Jambo moja tunalisisitiza: tusiwatumie mbegu kwa bahasha wala kuzitia mkobani mwa msafiri. Uingereza hairuhusu mbegu za pilipili kuingia bila hati ya afya ya mimea, kwa kuhofia maradhi. Nasi wenye mikarafuu twajua hasara ya maradhi shambani. Na wanunue mbegu huko huko, lakini wazisie mapema.