Dondoo muhimu: Kukusanya picha za kufundishia kompyuta kusoma hisia kwenye nyuso

Programu iliyofunzwa kwa nyuso za studio hubabaika ikikutana na abiria wa daladala, kwa hiyo unapokusanya picha:

1. Usitosheke na nyuso za kuigiza. Mkusanyo wa picha wa JAFFE wa mwaka 1998 una picha 213 za wanawake 10 wa Kijapani, wote wakiigiza hisia.
2. Tafuta vivuli, miwani, hijabu, nyuso zilizogeuka upande.
3. Vipande vya filamu vinasaidia, ingawa mwigizaji naye anaigiza.
4. Kagua mwanga kwenye ngozi nyeusi. Mtu aliyekaa mbele ya dirisha hutoka kivuli kitupu.
5. Hesabu picha za kila hisia kabla ya kufunza: kati ya picha 35,887 za mkusanyo wa FER2013, za kinyaa ni 547 tu.
6. Watu kadhaa waipe kila picha jina la hisia, kila mmoja peke yake. Picha za FER2013 zilipopewa majina upya mwaka 2016, kila picha ilipigiwa kura na watu 10. Wakitofautiana, hifadhi kura zote.
7. Gawanya picha za mafunzo na za jaribio kwa mtu, si kwa picha. Sura ileile ikiwa kwenye mafunzo na kwenye jaribio, utapata alama tamu za uongo. Fremu za video moja ndizo zinazoponza wengi.
8. Unapotaja hisia, andika “anaonekana amekasirika”, si “amekasirika”.
9. Omba ridhaa ya maandishi, na kwa mtoto muulize mzazi. Kenya ina sheria ya taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022.
10. Anayetaka picha yake ifutwe, ifute pamoja na nakala.