Somo la familia: Kungoja si kukaa bure

Kusoma nyumbani: Mwanzo 37 hadi 41, Mathayo 25:14-30



Mwezi huu tunazungumza na vijana, lakini wazazi nao wasisimame na kuondoka. Kuna neno linalosikika sana katika nyumba zetu: "Ninangoja." Kijana ameacha shule kwa sababu jina la familia liko kwenye orodha ya safari. Mwingine yuko Bwera, mchana kutwa anatazama malori yakipita pale Mpondwe, akingoja amani irudi ng'ambo ya mpaka. Ukimwuliza mbona hajifunzi kazi, anajibu kwamba ataanza akifika. Je, maisha huanza siku ya kufika? Tutazame habari za Mganda mmoja, mchezaji wa kriketi.

Mchezo wenyewe

Sisi tuliotoka Kongo hatukukua na mchezo huu. Sisi ni watu wa kandanda. Katika kriketi, mtu mmoja hurusha mpira mdogo mgumu. Wa upande mwingine huupiga kwa ubao wenye mpini, kisha hukimbia ili kupata pointi. Nyuma ya mpigaji kuna vijiti vitatu. Mpira ukiviangusha, au ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji ametoka. Mchezo huu ulikuja Uganda pamoja na Waingereza, na pale Kampala unachezwa katika uwanja wa Lugogo.

Kijana wa miaka 16

Frank Nsubuga alizaliwa Agosti 1980. Mwaka 1997, akiwa na miaka 16 tu, alikwisha kuchaguliwa kucheza mashindano ya kimataifa, katika timu iliyounganisha Uganda na nchi nyingine za Afrika Mashariki na Kati. Kazi yake ilikuwa kurusha mpira wa polepole unaopinda ukigonga chini. Kijana wa umri huo aliyepata nafasi kama hiyo angeweza kudhani kwamba Kombe la Dunia liko karibu.

Halikuwa karibu. Timu ya Uganda ilijaribu kufuzu mara nyingi, ikarudi nyumbani mikono mitupu. Vijana wa Uganda wa chini ya miaka 19 walifika Kombe la Dunia la umri wao mwaka 2004 na 2006, lakini timu ya wakubwa ilibaki nje. Wenzake wa rika lake waliacha mmoja mmoja. Yeye aliendelea kucheza.

Novemba 2023, huko Namibia, Uganda iliishinda Zimbabwe, na tarehe 30 mwezi huo ikaishinda Rwanda. Kwa mara ya kwanza timu ya wakubwa ikafuzu Kombe la Dunia. Juni 2024 Nsubuga alikuwa na miaka 43, mkubwa kuliko wachezaji wote wa mashindano yale.

Mipira 24

Katika mchezo dhidi ya Papua New Guinea, uliochezwa Guyana, Amerika ya Kusini, alipewa mipira 24 ya kurusha, ndiyo yote ambayo mtu mmoja anaruhusiwa. Katika mipira hiyo wapinzani walipata pointi 4 tu, na wapigaji 2 wakatoka. Papua New Guinea waliishia 77, Uganda ikafika 78 na kushinda.

Tuseme ukweli wote. Uganda ilishindwa michezo yake mitatu mingine, na mbele ya West Indies ilipata pointi 39 tu. Nayo sifa ya Nsubuga ya kutoa pointi chache kuliko wote haikudumu hata wiki mbili: tarehe 17 Juni Lockie Ferguson wa New Zealand alirusha mipira yake 24 bila kutoa hata pointi moja.

Tunajifunza nini?

Kwanza, siku ile isingemkuta tayari kama angekaa bure miaka 27. Mkono ule ulijua kazi yake kwa sababu haukuacha kuifanya. Yusufu naye alikuwa na miaka 17 alipoota ndoto zake, na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Katikati palikuwa utumwa na gereza, katika nchi isiyo yake. Hata hivyo, kila mahali alipowekwa alifanya kazi kwa uaminifu.

Pili, hatusemi kwamba kila anayengoja atapata. Wako waliocheza na Nsubuga miaka ya mwanzo ambao hawakuliona Kombe la Dunia kamwe. Je, walipoteza maisha yao? Hapana. Walicheza, na wadogo wao walipata njia ya kufuata. Vivyo hivyo, kijana atakayejifunza kushona, kujenga au kufundisha watoto hatakuwa amepoteza kitu, hata safari isipokuja. Na ikija, atakwenda na kitu mikononi. Aliyefukia talanta yake hakuiibiwa. Alirudi nayo vilevile, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Katika nyumba yetu, ni kazi gani tumeiahirisha kwa sababu "tunangoja"?
2. Wazazi, je, mara ya mwisho tulipozungumza na watoto juu ya safari, tuliwaambia pia la kufanya kesho asubuhi?
3. Kijana, una uwezo gani ambao unaweza kuutumia wiki hii, hapa ulipo?

Mungu awape nguvu ya kungoja mkiwa kazini. Amina.